Ukoka ni mali, lakini udongo ni mali zaidi

KWA miaka mingi mkulima wa Makuyuni, wilayani Korogwe, ameufahamu ukoka kama adui. Anaung'oa kwenye mahindi, anautupa barabarani ili ukauke, na mvua ya kwanza ikinyesha anaukuta umerudi. Mkulima huyu hakosei. Wataalamu wa magugu duniani wameuweka ukoka katika nafasi ya pili kwa usumbufu mashambani, nyuma ya ndago peke yake.

Hata hivyo, adui huyo sasa ana bei. Anayejenga nyumba mjini anataka kuona kijani mbele ya baraza. Mwenye nyumba ya wageni anataka mgeni ashuke kwenye gari akanyage nyasi badala ya vumbi. Kituo cha mafuta, kanisa, msikiti, zahanati na shule, kila mmoja ana eneo lililobaki wazi baada ya mafundi kuondoka. Nyasi zinazotafutwa kwa kazi hiyo, kwa sehemu kubwa ya ukanda wa joto wa nchi hii, ni huo huo ukoka na jamaa zake.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo hii ni nafasi ya kipato, na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini ni nafasi yenye mtego. Inaweza kumpa mtu fedha kila msimu kwa miaka mingi, na inaweza pia kumwachia shimo mahali palipokuwa na shamba. Tofauti ya mambo hayo mawili iko katika namna nyasi zinavyopatikana, zinavyopandwa na zinavyouzwa. Ndiyo maana suala hili, linaloonekana dogo, linastahili kuzungumzwa mapema kabla watu hawajaanza kuharibu.

Nafasi ya Makuyuni

Makuyuni ina bahati ya mahali. Iko kati ya Korogwe na Mombo, kwenye njia kuu inayounganisha Dar es Salaam na mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Reli ya Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, nayo inapita hapo hapo. Korogwe yenyewe ni mji wa mabasi kusimama na abiria kula, na Tanga haiko mbali kwa gari la mzigo. Mzigo wa nyasi hautaki kukaa. Ukichimbwa asubuhi unatakiwa uwe ardhini siku hiyo au kesho yake, la sivyo unachemka ndani ya gunia na kuoza. Kwa hiyo mzalishaji aliye jirani na barabara ana nguvu ambayo aliye ndani sana hana.

Hali ya hewa nayo inasaidia. Huku ni nchi ya chini yenye joto, yenye masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ukoka unapenda jua kali na joto, na unatambaa haraka kila mvua inapokutana na joto hilo. Mtu wa Lushoto, juu milimani, atafanya vizuri zaidi na nyasi aina ya Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Akizileta Makuyuni zitamsumbua kwa maji na hatimaye zitamchosha. Kila nchi na nyasi zake.

Jambo jingine ni kwamba biashara hii haihitaji mbegu za kigeni. Ukoka ni mmea wa asili ya Afrika ambao Wamarekani wanaufahamu kwa jina la Bermuda na wameufanyia utafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1960 kituo cha utafiti cha Tifton, katika jimbo la Georgia, kilitoa aina iitwayo Tifway, iliyotokana na kuchanganya ukoka wa kawaida na jamaa yake wa Afrika Kusini. Aina hiyo imepandwa katika viwanja vingi vya michezo duniani. Haizai mbegu inayoota, hivyo husambazwa kwa vipando, yaani kwa vikonyo vinavyotambaa, kama mkulima wa hapa anavyopanda matembele. Anayeuza vipando vya ukoka kando ya barabara ya Korogwe anafanya kazi ambayo wengine wameigeuza kuwa kiwanda.

Kufagia uwanja

Kabla ya kuwafikiria wanunuzi wa mbali, inafaa kuangalia nyumbani. Katika vijiji vingi vya Korogwe na Handeni, uwanja wa nyumba hufagiliwa kila asubuhi hadi ukang'aa. Ni desturi nzuri yenye sababu zake: uchafu unaonekana, nyoka hapati pa kujificha, na mahindi yanaanikwa bila kupotea. Lakini kila ufagio unaondoa udongo kidogo, na masika yanaondoa mwingi zaidi. Baada ya miaka, msingi wa nyumba unabaki umeinuka kama jino, ukuta wa udongo unaanza kumegeka chini, na mizizi ya mwembe inatoka nje.

Mkanda wa ukoka wenye upana wa mita mbili au tatu kuzunguka nyumba, hasa upande ambao maji ya bati yanadondokea, unazuia hasara hiyo. Nyasi zikikatwa fupi hazifichi nyoka. Na uwanja wa kuanikia mazao unaweza kubaki umefagiliwa kama zamani, katikati au nyuma ya nyumba. Hakuna anayetakiwa kuacha desturi yake ili aige bustani za mjini. Kinachotakiwa ni kuokoa msingi wa nyumba.

Shule zina tatizo kubwa zaidi. Uwanja wa shule unaokanyagwa na watoto kila siku bila nyasi hugeuka vumbi wakati wa kiangazi na korongo wakati wa mvua. Hapo ukoka ni kinga ya ardhi ya umma.

Kuchimba au kulima?

Hapa ndipo penye hatari. Mtu akisikia kwamba nyasi zina bei, wazo la kwanza ni kuchukua jembe na gunia na kwenda pale zilipo. Na zilipo kwa wingi, tena nzuri na zenye afya, ni kwenye kingo za mito na mifereji, mabondeni na kwenye malisho. Ukoka ulioko ukingoni mwa mto una kazi kubwa kuliko kupamba: ndio unaoshikilia ukingo. Ukiung'oa Februari, mvua za Machi zinakuja kuchukua udongo uliobaki uchi, na shamba la jirani linafuata.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo huo. Kuchimba nyasi kwa magunia kunaangukia wazi katika uharibifu unaokusudiwa kuzuiwa. Viongozi wa vijiji wasisubiri korongo litokee ndipo waitishe mkutano. Vivyo hivyo kwa malisho: mfugaji akikuta sehemu aliyozoea kulisha imebaki vipara, ugomvi utakaofuata hautalipwa na bei ya magunia kumi.

Njia sahihi ni kuulima ukoka kama zao, katika kitalu. Habari njema ni kwamba kitalu hicho hakihitaji kuwa kikubwa. Mita moja ya mraba ya ukoka uliosongamana, ukichambuliwa kuwa vipando, inaweza kupanda mita 10 za mraba au zaidi. Robo ya ekari ni takriban mita za mraba 1,000. Kwa hiyo robo ekari moja iliyotunzwa vizuri inatosha kupanda mita za mraba 10,000, sawa na viwanja 100 vya nyumba vyenye mita 10 kwa 10 kila kimoja. Hakuna haja ya mtu kung'oa mahindi au kuacha kulima mihogo kwa ajili ya nyasi. Anayefanya hivyo atakuwa ameuza chakula chake kwa biashara ambayo mteja wake anaweza kuahirisha manunuzi hata mwaka mzima.

Kitalu kiwekwe mbali na shamba la chakula. Kizungukwe na mtaro au njia iliyopaliliwa safi, yenye upana wa angalau nusu mita, na vikonyo vinavyovuka vikatwe kila wiki. Mkulima asisahau kwamba bidhaa yake bado ni gugu kwa jirani.

Hesabu ya maji

Jambo la pili linalohitaji ukweli ni maji. Bustani mpya ya nyasi inakunywa. Katika wiki mbili za kwanza udongo unatakiwa usikauke juu, na lita tano kwa siku kwa kila mita ya mraba ni kipimo cha wastani. Kwa uwanja wa mita 10 kwa 10 hizo ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20 kila siku. Vipando vikishashika, mahitaji yanashuka hadi takriban milimita 25 za maji kwa wiki. Maana yake ni lita 2,500, au ndoo 125 kwa wiki.

Ndoo 125 si mchezo. Shida ya maji ya Handeni inafahamika nchi nzima, na bomba lililojengwa miaka ya 1970 kuchukua maji ya mto Pangani upande wa Korogwe kwenda Handeni halijawahi kuwa jambo la kuchezewa. Katika nyumba ambayo mama au mtoto wa kike ndiye anayebeba maji kichwani, kupanda bustani ya nyasi mwezi wa Januari ni kumbebesha mtu mwingine mzigo ambao mvua ingeubeba bure.

Maana mvua inaweza kuubeba. Milimita 25 za mvua zikinyesha juu ya uwanja huo huo, ni ndoo 125 zilizomwagwa bila mtu kushika kamba ya kisima. Kwa hiyo kanuni ya Makuyuni iwe moja: ardhi itayarishwe kiangazi, vipando viingie ardhini masika yakishakolea. Aliyechelewa asubiri vuli, akijua kwamba vuli si ya kuaminika kama masika. Mwenye bati la mita za mraba 50 akiweka mfereji na pipa, mvua ya milimita 20 inampa karibu lita 1,000 za akiba kwa siku ambazo mvua inakatika.

Na ukishaota vizuri, ukoka hauhitaji kumwagiliwa kiangazi kizima. Utageuka rangi ya majani makavu, lakini vikonyo vilivyo chini ya ardhi vinabaki hai na kuchipua mvua ya kwanza inaponyesha. Fundi bustani anayemwambia mteja kwamba nyasi zilizokauka juu zimekufa, ili amuuzie nyingine, anamwibia.

Kwa anayetaka kumwagilia kitalu cha biashara kwa kuvuta maji mtoni au kuchimba kisima, ipo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayotaka kibali cha kutumia maji. Makuyuni iko ndani ya Bonde la Pangani, na bodi ya maji ya bonde hilo ndiyo yenye mamlaka. Kufuata kibali mapema ni nafuu kuliko kufungiwa pampu wakati vipando viko ardhini.

Kazi huanza na ardhi

Bustani nyingi za nyasi hufa kwa sababu ya haraka. Fundi anamaliza ujenzi, anamwaga tope la udongo juu ya vipande vya matofali na mabaki ya saruji, anachomeka nyasi na kuchukua fedha yake. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba ana mabaka ya kijani na mabaka ya njano. Kazi inayodumu ina utaratibu wake, nao si mgumu.

Kwanza ni kusafisha. Mawe, matofali, misumari, mifuko ya plastiki na mizizi viondolewe vyote. Ndago inataka uvumilivu: eneo lilimwe, lipate maji au mvua kidogo, liachwe wiki mbili au tatu ndago ichipue, kisha ichimbwe pamoja na vitunguu vyake vya chini. Kukata majani tu ni kuipogolea. Zoezi hili likirudiwa mara mbili kabla ya kupanda, linaokoa mwaka mzima wa kupalilia.

Pili ni mteremko. Ardhi inamishwe kidogo kutoka kwenye nyumba, sentimita mbili kwa kila mita, ili maji yasirudi ukutani. Katika uwanja wa mita 10, ncha ya mbali itakuwa chini kwa sentimita 20. Kamba, vigingi viwili na maji ndani ya mpira mwembamba wa plastiki vinatosha kupima, haihitajiki mashine.

Tatu ni udongo wenyewe. Utifuliwe kwa kina cha sentimita 15 hivi. Udongo mzito wa mfinyanzi uchanganywe na mchanga na mboji, na ule wa kichanga uongezewe samadi ili ushike maji. Debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita mbili za mraba ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwa uwanja wa mita 100 za mraba ni madebe 50. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa inaunguza na inaleta magugu mapya.

Wilaya ya Korogwe ina utajiri mwingine unaosahauliwa, nao ni mabaki ya mkonge. Katika kila kilo 100 za majani mabichi ya mkonge, nyuzi hazizidi kilo tano. Kinachobaki ni maji na makapi yanayorundikwa kando ya mitambo ya korona. Makapi mabichi yana uchachu na yataua vipando. Lakini yakirundikwa, yakageuzwa mara kwa mara na kuachwa yaoze hadi yawe meusi na yasiyo na harufu kali, yanakuwa mboji. Nani atakayeyachukua, kwa makubaliano gani na wenye mashamba, ni biashara ndani ya biashara.

Mwenye kitalu kikubwa, kabla ya kununua mbolea yoyote, apeleke sampuli ya udongo wake kupimwa. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kimekuwa kikishughulika na mkonge na udongo kwa miongo mingi, na kipo ndani ya mkoa huu huu wa Tanga. Kununua mbolea bila kupima ni sawa na kununua dawa bila kumwona mganga.

Kupanda na kutunza

Vipando vikatwe vyenye vifundo vitatu au vinne, vipandwe siku hiyo hiyo, na muda wote wa kazi vifunikwe kwa gunia lililoloweshwa. Nafasi ya sentimita 20 kwa 20 inahitaji vipando 25 kwa mita ya mraba, yaani 2,500 kwa uwanja wa mita 100 za mraba. Vifundo viwili vifukiwe, ncha moja ibaki juu, kisha udongo ukanyagwe. Pipa lililojaa maji likiviringishwa juu yake linafanya kazi hiyo vizuri zaidi ya miguu. Kwa joto na mvua za kutosha, ukoka uliopandwa hivyo hufunika ardhi ndani ya miezi miwili hadi mitatu.

Kabla haujafunika, uwanja usikanyagwe na mbuzi wasiingie. Wiki nne baada ya kupanda, kilo moja ya Urea ikisambazwa sawasawa katika mita 100 za mraba na kumwagiliwa mara moja, inasukuma ukuaji. Ikiachwa juu ya majani bila maji inaunguza.

Nyasi zikatwe kwa mara ya kwanza zikifikia urefu wa sentimita saba au nane, na zisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkupuo. Kukata mara kwa mara kunazifanya zitambae na kusongamana. Kuziacha zirefuke na kisha kuzinyoa kipara kunazidhoofisha. Fyekeo lililonolewa linatosha kwa uwanja wa nyumba.

Suala la kivuli lisipuuzwe. Jina la Makuyuni linakumbusha mikuyu, na chini ya mkuyu au mwembe ukoka hautaota kwa afya hata ubembelezwe, kwa kuwa unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mahali pa namna hiyo panafaa nyasi za Pemba, zenye jani pana, ambazo ni za asili ya mwambao wa Afrika Mashariki na huvumilia kivuli na hata chumvi. Muuzaji mwaminifu anayeona uwanja wa mteja una miti mingi atamwambia hivyo kabla ya kupokea fedha, hata kama yeye ana ukoka peke yake.

Namna ya kuuza

Hapa ndipo wengi watakapopoteza. Nyasi zinauzwa kwa namna mbili: mapande yaliyochimbwa pamoja na udongo, au vipando vitupu. Mteja anapenda mapande kwa sababu uwanja unakuwa kijani siku hiyo hiyo. Lakini pande lenye udongo wa sentimita mbili linaondoka na lita 20 za udongo kwa kila mita ya mraba. Katika robo ekari hizo ni mita za ujazo 20, na ni ule udongo wa juu wenye rutuba. Anayeuza mapande kila mwaka bila kurudisha kitu anauza shamba lake vipande vipande, na bei anayopokea ni ya nyasi tu.

Kwa hiyo vipando viwe ndiyo bidhaa ya kawaida, na mapande yawe bidhaa ya pekee yenye bei ya juu inayojumuisha gharama ya kurudisha mboji. Pande likichimbwa, uachwe ukanda mwembamba wa nyasi kati ya mstari na mstari ili kitalu kijifunike chenyewe.

Aidha, kuuza kwa gunia kuachwe. Gunia halina kipimo; dalali atalishindilia mpaka liwe mawili. Kipimo cha haki kwa pande zote ni mita ya mraba. Muuzaji aende kwenye uwanja wa mteja na futi kamba, apime, aandike. Katika bei yake aingize siku za kuchimba, kuchambua na kupanda, usafiri, samadi, na vipando vya kujazia pale vitakapokufa. Anayepanda mwenyewe na kuahidi kurudi baada ya wiki tatu kujaza mapengo anaweza kudai bei nzuri kuliko anayeshusha mzigo na kuondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara ya nyasi haina msamaha katika hilo.

Wapo watakaoota ndoto za viwanja vikubwa. Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN mwezi Agosti 2025, na nchi hizo tatu ndizo zilizopewa fainali za AFCON za mwaka 2027. Viwanja vya kiwango hicho hupandwa na makandarasi maalumu, kwa aina maalumu za nyasi na mifumo ya maji chini ya ardhi. Kitalu cha Makuyuni hakiwezi kuingia huko leo. Lakini kila shule yenye magoli mawili na vumbi katikati inaweza kuwa mteja, na shule hizo ni nyingi kuliko viwanja vya taifa.

Wajibu wa halmashauri

Mkulima peke yake hawezi kulifanya soko hili likue. Halmashauri inajenga madarasa, zahanati na ofisi kila mwaka. Mara nyingi jengo linakabidhiwa likiwa limezungukwa na ardhi tupu, na masika ya kwanza yanachimba msingi. Kupanda nyasi kuzunguka jengo kuingizwe katika makadirio ya ujenzi tangu mwanzo, na kazi hiyo wapewe vikundi vya eneo husika. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu wakiwamo vijana na wanawake. Kazi ya kupanda nyasi haihitaji mtaji mkubwa wala mitambo, hivyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ipo pia mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kitakachoomba kwa ajili ya kitalu kipeleke hesabu za mita, maji na wateja, badala ya maneno matamu. Na ofisa atakayepitia ombi hilo aulize swali moja kabla ya yote: nyasi hizi zinatoka kitaluni au ukingoni mwa mto?

Maofisa ugani nao wasione aibu kuzungumzia nyasi. Wamezoea kuulizwa kuhusu mahindi na mifugo, na ni sawa. Lakini kijana aliyekosa shamba kubwa, mwenye robo ekari ya urithi na jembe moja, anahitaji mtu wa kumwonyesha namna ya kuchambua vipando na kuzuia ndago. Akiachwa peke yake ataenda mtoni na gunia, na hasara yake italipwa na kijiji kizima.

Masika hayamsubiri mtu. Atakayetaka kuuza vipando mwezi Aprili anatakiwa awe na kitalu kilichofunika tangu vuli iliyopita, na atakayetaka kupanda uwanja wake awe ameshamaliza kazi ya ndago kabla ya wingu la kwanza la Machi. Ukoka wenyewe hautakosekana, maana haujawahi kukosekana Makuyuni. Kinachoweza kukosekana ni udongo wa kuupandia, na huo ukishachukuliwa na maji kwenda Pangani hakuna gunia litakaloubeba kuurudisha.